Nyumba Yetu: Tapi inayonuka hata ikisha kufuliwa



Majuma mawili yaliyopita, kisha mkutano wa likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni karibu na mlango akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, tapi yangu inanuka. Nimeifua mara tatu. Nifanye nini?" Aliuliza kama mtu anayeungama zambi. Nilipomwambia kwamba jambo hilo limenipata hata mimi, akacheka, na wengine wawili waliokuwa wakivaa viatu wakasogea ili wasikie. Basi nikaona afadhali niliandike hapa, tusiwe tunaongea juu yake mlangoni tu.

Kwetu Bukavu tapi si mapambo. Simenti ya asubuhi inauma miguu kwa baridi, na mtoto anayetambaa hawezi kukaa juu yake. Mchana tapi ni ya wageni. Usiku, katika nyumba nyingi, viti vinasukumwa ukutani, godoro linatandikwa, na saloni inakuwa chumba cha watoto. Kitu kimoja kinafanya kazi mbili, kwa hiyo kila kinachomwagika kinafika pale: mkojo, maziwa, kasiksi ya siku ya dote, matope ya viatu, hata maji ya sambaza kama mama ameweka beseni chini "dakika moja tu". Na kutoka mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5 mvua inatunyeshea, jua la kuanika ni la kuviziwa. Mama mwenye tapi inayonuka asijione mchafu. Mara nyingi yeye ndiye anayefua kuliko wengine, na kule kufua kwenyewe kunaweza kuwa sehemu ya tatizo.

Nitaeleza yangu kwanza, maana makosa nimeyafanya karibu yote.

Mwaka jana, mwezi wa 10, mtoto wa dada yangu alikuja kukaa kwetu. Ana miaka 8. Walikuwa wametoka kijijini usiku, kwa mguu, na mama yake alibaki na wadogo kwa watu waliowapokea njiani. Majuma ya kwanza alikuwa anakojoa usiku. Sikushangaa. Godoro lake lilikuwa juu ya tapi ya saloni, bila kitu katikati. Asubuhi nilitoa godoro nje, nikapitisha kitambaa chenye sabuni juu ya tapi, nikarudisha viti, nikakimbia shuleni. Mnajua asubuhi zetu.

Kufika Noeli alikuwa ameacha. Godoro lilikuwa kavu kila siku. Lakini harufu haikuondoka, na mwezi wa kwanza mvua ilipokaza ikazidi. Nilikuwa ninafungua mlango wa saloni saa kumi na mbili asubuhi, pua inapigwa, na neno la kwanza linalotoka kinywani mwangu ni: "Umekojoa tena." Anajibu: "Hapana, mama mdogo." Ninashika godoro, kavu. Ninawaza moyoni kwamba ameamka akaenda kukojoa pembeni, juu ya tapi, ili nisijue. Mimi ninayefundisha watoto wa mwaka wa tatu kwamba jibu lisilo na ushahidi halipewi alama.

Nikaanza vita na harufu. Kwanza javeli: karibu nusu ya chupa, juu ya tapi, dirisha limefungwa kwa sababu mvua ilikuwa inaingia. Macho yalinitoka machozi, na binti yangu mdogo alikohoa mpaka jioni. Tapi ilikuwa nyekundu ya kuiva. Ikapata madoa ya rangi ya chai ya maziwa, yapo mpaka leo. Kisha manukato ya kupuliza. Kisha vidonge vya naftalini chini ya viti. Mwisho nikamwaga mabeseni mawili ya maji ya moto na sabuni, nikasugua kwa nguvu zote. Mvua ikanyesha siku nne. Tapi haikukauka, na sasa kulikuwa na harufu mbili, ile ya zamani na nyingine kama ya uyoga.

Usiku mmoja, mwezi wa 2, mvua ilipiga mabati, nikaamka kuangalia kama maji yanaingia. Kwa tochi ya simu nikaona godoro limekunjwa, limesimamishwa ukutani. Mtoto alikuwa amelala juu ya simenti karibu na mlango wa jikoni, kichwa juu ya mfuko wa shule. Nikamuamsha, nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Ninalala huku ili kesho uone kama si mimi."

Asubuhi saloni ilinuka kama kawaida.

Siku hiyo nilifundisha vibaya. Saa za mchana nilikwenda kwa koko jirani yetu, ambaye alifanya usafi miaka mingi katika nyumba ya wageni ya masista. Nikamweleza javeli, manukato, maji ya moto, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Umeinua?"

Sikuwa nimeinua. Tangu tuitandike, miaka minne, hakuna aliyeona chini yake.

Jumamosi tulitoa viti na meza, tukavuta kabati, tukakunja tapi. Sponji iliyo chini ya tapi ilikuwa imelowa kama mkate uliotumbukia katika chai. Juu ya simenti, mahali pa godoro, palikuwa na alama nyeupe kama chumvi iliyokauka. Na kando ya ukuta unaotazama kilima, simenti ilikuwa na maji na sponji ilikuwa na vidoti vyeusi vya ukungu, upana wa karibu nusu metre. Maji ya mlima yalikuwa yanapita chini ya ukuta na kuingia ndani, polepole, kila mvua. Mtoto alikuwa mkavu tangu Noeli. Aliyekuwa analowesha ni kilima.

Sasa tuongee namna harufu inavyofanya kazi, maana ukiijua huwezi kupoteza franka zako.

Mkojo wa sasa hivi haunuki sana. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa urea. Vijidudu vidogo vinaila na kutoa amonia, ile hewa inayochoma pua katika choo cha zamani. Kwa hiyo mkojo uliokaa ndio unaonuka. Tena mkojo una chumvi zake, na nyingine haziyeyuki kwa urahisi katika maji. Zinabaki katika nyuzi za tapi, katika sponji na katika simenti, maana simenti inakunywa, ina matundu madogo kuliko tunavyoyaona. Siku za jua zinakaa kimya. Hewa ikiwa na unyevu zinavuta maji, na harufu inafufuka. Ndiyo maana mama anasema, "Kiangazi ilikuwa imepona, mvua ya kwanza imerudi." Haikuwa imepona.

Ukungu nao unahitaji unyevu tu na kitu cha kula, na vumbi la tapi ni chakula chake. Harufu yake ni ya udongo, ya uyoga, ya nguo iliyokaa siku tatu katika beseni. Huo si wa kuachiwa, hasa kama nyumbani kuna mtoto mwenye asima au anayekohoa usiku bila homa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta mahali, na sabuni ingoje. Funga saloni usiku. Asubuhi toka nje kwanza, pumua hewa safi dakika chache, kisha ingia, piga magoti na unuse tapi kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta sindano. Utacheka, lakini pua iliyopumzika inasema kweli. Mahali unapoogopa, weka kitambaa cheupe kilichoguswa na maji vuguvugu, kikandamize kwa dakika tano, kisha unuse kitambaa peke yake nje. Mkojo wa zamani utakuja juu pamoja na rangi ya manjano. Halafu inua tapi. Ukiona simenti ina unyevu na hujui maji yanatoka wapi, chukua kipande cha plastiki, ukibandike juu ya simenti iliyopanguswa vizuri, pande zote nne kwa skochi, usiku na mchana mzima. Ukikuta matone chini ya plastiki, maji yanatoka ardhini. Hapo, hata ukifua tapi kila siku, utakuwa unafulia mvua.

Kwetu, papa wa watoto alichimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji ya kilima yapite pembeni ya ukuta. Mchana miwili, na mtoto alimsaidia kubeba udongo. Mfereji ndio dawa iliyofanya kazi kuliko zote, na haukuingia hata dukani.

Tapi yenyewe tuliipeleka nje. Sehemu ya sponji iliyooza na kuota ukungu tuliikata kwa wembe tukaitupa. Koko alikuwa mkali juu ya hilo: sponji iliyogeuka uji haifuliki, na mama anayeihurumia anahurumia harufu. Iliyobaki tuliipiga kwa fimbo mpaka vumbi likaisha, kisha tukaifua kwa maji vuguvugu na sabuni ya unga. Chagueni sabuni ambayo pakiti yake inaandika "enzimu". Ni vitu vinavyokula uchafu wa mwili na maziwa, lakini vinataka muda. Usipake na kusuuza palepale. Iache na unyevu wa sabuni saa moja hivi, mahali pa kivuli, ndipo usugue kwa brosi na kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Maji ya kuchemka hapana: yanaua kazi ya enzimu, na kama ni maziwa, matapishi au damu, yanapika uchafu ndani ya nyuzi kama yai katika sufuria. Tuliikunja, watoto wakakanyaga juu yake kutoa maji (kazi pekee ya siku hiyo ambayo hakuna aliyekimbia), tukaitandaza juu ya ukuta wa parseli, sponji ikitazama jua.

Kwa simenti tulitumia sabuni hiyohiyo na brosi ngumu, mara mbili, kisha maji safi. Vinegre sikuimwaga pale, maana asidi inakula simenti. Tuliacha saloni wazi siku tatu, madirisha wazi kila mvua ilipopumzika. Wageni walipokelewa kwenye baraza. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Tapi ilipokauka kulikuwa bado na harufu kidogo upande wa godoro. Hapo ndipo vinegre nyeupe ilipofanya kazi: glasi moja ya vinegre, glasi moja ya maji, kitambaa, gusagusa bila kulowesha mpaka chini, acha robo saa, kausha kwa kitambaa kikavu. Amonia ni kali upande mmoja, vinegre ni kali upande mwingine, zikikutana zinavunjana nguvu. Harufu ya vinegre yenyewe inakwenda kwa siku moja au mbili. Tapi ilipokauka tena, nikanyunyiza bikarbonati, ile ya kulainishia maharagwe, juu ya sehemu yote, nikaiacha usiku mzima, asubuhi nikaitoa kwa ufagio mkavu. Nilirudia jumamosi iliyofuata.

Wamama wengi wanachanganya vinegre na bikarbonati katika kikombe kimoja kwa sababu inatoa povu, na povu linaonekana kama nguvu. Povu likiisha, kinachobaki ni karibu maji ya chumvi tu. Moja kwanza, ikauke, ndipo nyingine. Na kabla ya kitu chochote jaribu pembeni, chini ya kabati, uone kama rangi inatoka. Laiti ningefanya hivyo na javeli.

Juu ya javeli nisimame kidogo. Javeli ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa ya sumu. Ikikutana na vinegre inatoa sumu nyingine, klorini. Zote mbili zinachoma macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa mtoto ndiye anayeumia kwanza. Kile kikohozi cha binti yangu kilikuwa kazi ya mikono yangu. Kama umekwisha kuimwaga juu ya mkojo na macho yanawaka, usiongeze kitu: toa watoto, fungua milango, toka. Kwa tapi, javeli haifai. Inakula rangi, na nyuzi za sufu inaziharibu kabisa.

Mbabula pia. Nimesikia wamama wawili wakisema wanakaushia tapi kwa mbabula ndani ya saloni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Tafazali, hapana. Makala yanayowaka yanatoa hewa ambayo haina harufu yoyote, haina rangi, na inaua familia nzima usingizini. Ukitaka kutumia makala, tumia yale ambayo hayajawaka: beseni la makala makavu pembeni mwa chumba yanavuta harufu na unyevu kidogo, kwa majuma kadhaa. Ni msaada tu, hayaondoi chanzo. Naftalini nayo inafunika harufu kwa harufu, na vidonge vyake vinafanana na bonbon. Mtoto akivimeza vinaweza kuharibu damu yake. Vyangu nilivikusanya nikavitoa nyumbani siku hiyohiyo. Kuhusu mafuta ya gari, ambayo wengine wanasuguliwa nayo madoa na wapita njia wenye maneno mengi, sitaandika hata mstari wa pili: ni moto.

Mkojo ukimwagika leo, kazi ni rahisi sana. Usisugue. Weka kitambaa kikavu, simama juu yake kwa uzito wako wote, badilisha kitambaa, simama tena mpaka kisilowe. Kisha maji baridi kidogo, kandamiza tena. Kisha vinegre na maji. Dakika ishirini za leo zinakuokoa mchana mzima wa mwezi ujao. Kwa maziwa ya mtoto fanya hivyohivyo na maji baridi na sabuni ya enzimu, maana maziwa yakioza katika sponji yananuka kuliko mkojo. Samaki: vinegre, na beseni lirudi jikoni.

Na moketi iliyogundishwa kwa gundi juu ya simenti? Hapo sina habari njema. Kama mkojo umepita mpaka chini kwa miezi mingi, au ukuta unaingiza maji, unaweza kuipaka kila dawa na itakuwa inarudi kila masika. Inua pembe moja uangalie. Kama chini ni nyeusi, okoa sehemu nzuri, tupa nyingine, na acha simenti ipumue. Mkeka unaoweza kuanikwa kila jumamosi ni bora kuliko moketi ya bei inayofuga ukungu chini ya miguu ya watoto. Najua kuna wanaokataa, kwa sababu moketi ililetwa na mkwe. Mkwe hanusi asubuhi.

Nirudi kwa watoto wanaokojoa usiku, maana hao ndio wanaolipa kwa harufu hii. Nimekwisha kuona mtoto amefungiwa mkeka wake kichwani na watoto wa parseli wanamwimbia. Nimeona wengine wakifika darasani na alama za fimbo, wamekaa peke yao kwenye benchi. Mimi sikupiga. Lakini maneno yangu ya kila asubuhi yalikuwa fimbo, na yalimlaza mtoto juu ya simenti ya mwezi wa pili.

Kukojoa usiku si uvivu wala ukaidi. Mtoto amelala, hajui. Kwa watoto 100 wa miaka 5, karibu 15 bado wanakojoa usiku. Kwa wale wa miaka 7, karibu 10. Wengi wanaacha wenyewe kadiri wanavyokua. Mara nyingi inatoka katika familia: ukiuliza vizuri, utakuta papa au mama, au mjomba mwenye heshima zake, alikuwa hivyohivyo. Na mtoto aliyekimbia usiku, aliyesikia risasi, aliyetenganishwa na mama yake, anaweza kuanza tena hata kama alikuwa ameacha kitambo.

Kinachosaidia ni vitu vidogo. Anywe maji yake vizuri mchana, apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala. Aende choo ndipo alale, na njia ya choo iwe na mwanga, maana wengi wanaogopa giza kuliko wanavyoogopa kulowa. Weka shitingi ya plastiki chini ya shuka, na nyingine chini ya godoro. Hiyo peke yake ingeokoa tapi yangu. Asubuhi iliyo kavu msifu. Asubuhi iliyolowa toeni shuka pamoja, bila maneno, bila kuita majirani.

Mpeleke kwenye kituo cha afya kama alikuwa mkavu miezi 6 au zaidi kisha ameanza tena, kama anakojoa hata mchana, kama anasikia maumivu au mkojo una damu, kama haendi choo kikubwa vizuri. Na usingoje hata kesho kama anakunywa maji mengi kuliko kawaida, anakojoa sana na anakonda: hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa sukari, na watoto wanaupata pia.

Kwangu tapi imerudi saloni. Ina upungufu wa nusu metre na madoa ya javeli, na tumeiacha upana wa mkono kutoka ukuta wa kilima ili hewa ipite. Kila mwezi tunainua pembe mbili kuangalia. Mtoto ndiye anayenikumbusha. Jumapili ile tulipomaliza kuitandika, nilimwita nikamwambia mbele ya watoto wote kwamba nilimsingizia, na kwamba mama mdogo anaomba radhi. Aliangalia chini. Kisha akauliza kama anaweza kulala upande wa dirisha, mbali na ule ukuta. Analala huko mpaka leo.

Mama aliyenivuta mlangoni alinipigia simu jumamosi jioni. Ameinua tapi yake pamoja na binti zake. Hakukuta mkojo wala maji. Amekuta panya, mkavu kama ndagala, chini ya mguu wa kabati, na anasema ameishi naye tangu kiangazi. Anatafuta brosi ngumu ya kuazima juma hili; aliye nayo ampelekee siku ya mkutano.